Maji ya falaji yana wenyewe: maneno kwa wageni wa mifereji ya kale ya Oman

Baridi ikiingia Oman, barabara ya Nizwa hujaa magari ya familia, na meza yetu hujaa malalamiko ya wakulima wanaotegemea falaji, yaani mifereji ya kale inayoleta maji mijini na mashambani. Mtoto kaogeshwa kwa sabuni palepale watu wanapoteka maji ya kunywa. Pampasi imeziba mlango wa maji wa shamba. Wanaolalamikiwa wengi ni watu wema, na si wachache wanaozungumza Kiswahili: wakaazi wa hapahapa na jamaa zao waliokuja kutembea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa. Ndiyo sababu naandika kwa lugha hii.

Aliyekulia Zanzibar ameuona mfereji wa mawe pale Maruhubi, kwenye jumba la Sayyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Pale ni magofu. Akifika Birkat al-Mouz, mji wa jirani na Nizwa, akaona kuta zinazofanana na zile, hudhani amekuta gofu lenye maji. Sivyo. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazotiririka hadi leo. Tano kati yake, yaani Daris, al-Khatmeen, al-Malki, al-Muyassar na al-Jeela, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado zinanywesha mitende ya watu.

"Maji ni ya Mungu, hayana mwenyewe." Nimeyasikia maneno haya hata nimechoka. Ya kunywa, kweli, ni ya wote. Falaji inapotokeza juu ya ardhi pana mahali paitwapo sharia, na hapo hata mpita njia huteka bila kuuliza. Chini ya hapo huja msikiti na mahali pa kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, kisha mashamba. Ukitia miguu pale juu, unawanywesha jasho lako walio chini.

Yakishafika mashambani, maji ni mali yenye saa. Kipimo chake ni athari, takriban nusu saa ya mtiririko. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Siku hizi wengi hutazama saa ya mkononi. Fungu la maji hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, na mengine ni wakfu wa msikiti. Mafungu ya falaji yenyewe hunadiwa, na pesa zake hutengeneza mfereji. Wakili ndiye msimamizi wa yote, na chini yake yupo arifu anayesimamia zamu. Sasa wewe umepanga mawe ili wanao wapate kijibwawa cha kupigia picha. Dakika kumi tu, unasema. Dakika kumi ni theluthi ya athari ya mtu, na zamu yake nyingine huenda ikawa baada ya wiki nzima au zaidi. Vilevile, jiwe lililozungushiwa kitambaa na kuzibwa kwenye tundu la ukuta si takataka. Ni mlango. Liache.

Ukikutwa umeharibu, wakili kwa kawaida huanza kwa maneno mazuri. Likishindikana, jambo hupelekwa kwa shekhe wa mji, kisha kwa wali, yaani mkuu wa wilaya, na huko linaweza kufika mahakamani. Falaji zile tano zina sheria yake ya ulinzi, Amri ya Kifalme namba 39 ya mwaka 2017. Kusema "mimi mgeni" hakufuti hasara. Na ukiona ukuta umevunjika usijitie fundi kwa saruji. Mwambie wakili, au mtu yeyote msikitini atakuelekeza kwake.

Kuhusu usalama, kwamba mtoto hashikwi kwa jicho bali kwa mkono, sidhani kama nahitaji kueleza. Lakini watu hawajui habari ya visima vya hewa. Falaji ya daudi (wazee husema majini wa Nabii Suleiman bin Daudi ndio waliozichimba) hupita chini ya ardhi kwa njia ndefu, na juu yake yapo matundu ya kuteremkia mafundi. Mengine hayana kifuniko. Usikaribie, wala usiingie kwenye njia yenyewe hata kama una tochi. Kuta zinazovusha maji juu ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, ni nyembamba, zina ukoga wa kijani unaoteleza, na hazikujengwa kubeba safu ya watu wanaopiga picha.

Wadi yenyewe ndiyo hatari kuliko yote. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko hukufikia ulipo hata kama juu yako jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu nchini, wakiwemo wanafunzi. Anayevuka wadi kwa gari huku maji yanapita anaweza kufungwa hadi miezi mitatu na kutozwa faini inayofika riali 500, na bado wapo wanaonipigia kuuliza kama gari la juu linaruhusiwa. Halijaruhusiwa. Dharura ni namba 9999.

Picha pigeni, ila si upande wa wanawake. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, kwani mnapita milangoni mwa watu. Tende zilizoanguka chini ya mtende nazo zina mwenyewe. Akikukaribisha kahawa atakupa mwenyewe, mara nyingi zaidi ya utakazoweza kula.