Bastola si gobore: dhana potofu kuhusu kujaza risasi nyumbani

Msimu wa korosho ukifunguliwa, wafanyabiashara wenye bastola za kibali huanza kuzikumbuka. Wanakuja kwangu hapa Mtwara kusafishiwa mtutu au kubadilishiwa springi, na karibu kila mmoja anaondoka akiwa ameuliza swali lilelile. Wiki iliyopita alikuwa mtu wa Newala. Alimwaga mezani mfuko wa maganda ya milimita 9, akasema: "Fundi, shaba hii nzima kabisa. Nimeona kwenye simu Wamarekani wanajaza upya maganda yaliyopigwa, wenyewe sebuleni. Na babu yangu alishindilia gobore kwa kukadiria kiganjani, hakupata hata mkwaruzo. Mimi nishindwe nini?"

Nimelisikia hilo la babu mara nyingi mno. Na silisemi kwa woga wa mtu asiyeijua kazi: nilikaa miaka minane kwenye uwanja wa shabaha Afrika Kusini, ambako sheria inamruhusu mmiliki kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe, na nimejaza maelfu kwa mikono hii.

Kinachotuponza ni neno. Huku kwetu pwani "baruti" ni ya gobore, baruti ni ya machimbo ya mawe, baruti ni ya wale wanaoua matumbawe yetu kwa uvuvi wa mabomu. Jina moja, vitu tofauti kabisa. Ya babu ilikuwa baruti nyeusi, yenye moshi mzito. Nguvu yake kwa uzito ni ndogo, na hata ikibanwa kasi yake ya kuungua haipandi sana. Ukizidisha kidogo, mara nyingi unapigwa bega tu. Mara nyingi, si kila mara: wapo wazee waliorudi porini na vidole pungufu, ila hao hawasimuliwi kwenye vikao vya ukoo.

Risasi ya bastola ya leo inatumia baruti isiyo na moshi, iliyoanzia kwa Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Hii kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi, kasi inazidisha shinikizo, na shinikizo linazidisha kasi. Yote hayo yanatokea ndani ya chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, isiyozidi ncha ya kidole chako cha mwisho.

Nilimwomba yule bwana anyooshe kiganja, nikamhesabia punje kumi na tano za mchele. Huo ndio uzito wa baruti ya risasi moja ya milimita 9, greni 5 hivi, yaani theluthi ya gramu. Nikaongeza punje mbili. "Unaona tofauti?" Aligeuza kiganja huku na huku, akasema haoni. Sasa sikia: katika vitabu vya vipimo, kiwango cha kuanzia na kiwango cha juu kabisa mara nyingi vinapishana kwa asilimia 10 tu. Punje mbili katika kumi na tano zimeshapita hapo. Ndiyo maana mjazaji wa kweli ana mizani ya greni, ana kitabu cha aina ileile ya baruti na uzito uleule wa kichwa cha risasi, na anaanzia chini. Jicho halipimi kitu hiki. Kiganja ndiyo kabisa.

Tena baruti nyingi za bastola hazijazi hata nusu ya ganda. Mtu akikatizwa na simu anaweza kumimina mara mbili, na ganda likapokea bila kulalamika. Ukomo wa shinikizo la milimita 9 kwa kipimo cha Ulaya ni bar 2,350. Tairi la gari lako lina bar 2 na kitu. Ni kama mara elfu moja, na hapo hujazidisha. Niliona matokeo ya mimino miwili pale uwanjani: magazini, lile kasha la risasi ndani ya mshikio, ilichomolewa chini kwa kishindo, mshikio ukapasuka ndani ya kiganja cha mwenyewe. Mtu mzoefu, si mwanafunzi.

"Basi nitapunguza, nibaki salama." Hapana. Baruti ikiwa kidogo mno au ikisahaulika, fataki, yaani kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, peke yake inasukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo. Utasikia mlio hafifu, "pu". Ukivuta tena, risasi ya pili inagonga ya kwanza na mtutu unavimba au kupasuka. Mlio ukiwa wa ajabu, simama, toa risasi zote, kagua mtutu.

Kuhusu kuokoa pesa: mashine, mizani na vifaa vinagharimu kwanza, na faida huonekana kwa anayepiga mamia kila mwezi. Mwenye bastola ya kulinda duka anapiga ngapi kwa mwaka?

Na sheria? Hapa Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Kibali cha kumiliki bastola si kibali cha kufungua karakana ya risasi sebuleni. Ya Marekani yabaki Marekani.

Wengine huogopa kwamba nyumba ikiungua risasi zitafyatuka na kuua jirani. Nje ya mtutu, ganda hupasuka na vipande huruka bila ile kasi ya bunduki. Vinaweza kutoboa jicho, lakini havitoboi ukuta wa tofali. Cha kuogopa zaidi ni vumbi la risasi zilizopigwa. Lina madini ya risasi, yale yanayodumaza akili za watoto, halafu mtu anasafisha maganda kwenye beseni la kuoshea vyombo!

Lile la "shaba nzima" nililiacha mwisho. Nilichukua ganda moja la yule bwana nikaligeuzia dirishani: ufa mwembamba kama unywele, kuanzia mdomoni. Boksi la risasi zake analiweka wapi? Stoo, ukuta mmoja na banda la kuku. Waingereza walilipata hilo India, risasi zilipowekwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa masika. Amonia ya mkojo ilizipasua shaba zikiwa zimekaa tu. Mbolea ya kuku nayo inatoa amonia, na unyevu wa Mtwara unaisaidia.

Katika maganda arobaini na mawili, tisa yalikuwa na ufa. Risasi zilizobaki kwenye boksi hilo nilimwambia azirudishe kituo cha polisi alikosajili silaha, asizitupe chooni wala baharini.