Raba za bampu kwenye pikapu ya porini: yasemwayo gereji na yaliyo kweli

Pikapu zinazotoka Malindi kwenda Marafa, Baricho au lango la Sala la Tsavo Mashariki hupigwa kutoka chini kutwa nzima. Kitu cha mwisho kupokea pigo hilo kabla chuma hakijakutana na chuma ni kipande cha raba cha ukubwa wa ngumi, kilichofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli au, kwa gurudumu la mbele la Hilux, kwenye mkono unaolishika. Ndiyo bampu stopu, na hapa nitaiita raba tu. Maneno yanayosemwa juu yake ni mengi kuliko ukubwa wake, na karibu yote husahau jambo moja: ekseli inayopanda lazima isimamishwe na kitu. Usipokichagua wewe kitu hicho, gari litakuchagulia.

“Ni ya kuzuia kelele tu. Ikikatika, iache.”

Raba hii ni springi. Ni fupi, lakini ni springi: mguso wa kwanza ni laini, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyokaza. Kazi yake ni kulirefusha pigo, mzigo usishuke kwenye chesisi wote kwa mpigo mmoja. Ikikatika, ule mlio mkavu unaousikia ndio mzigo wenyewe ukifika bila kupunguzwa, na nyufa huanzia palepale penye mabano na misumari ya chesisi.

“Toa raba, gari lipate nafasi ya kupanda, liwe laini.”

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Raba ikitolewa, ekseli hupata sentimita kadhaa za kupanda. Lakini zile sentimita zinamalizikia wapi? Mara nyingi ndani ya shoki. Shoki nyingi za kawaida zina valvu sakafuni, na pistoni ikishuka hadi mwisho huigonga valvu hiyo. Leo hutaona kitu. Baada ya safari kadhaa gari linaanza kuyumba, oili inavuja, na lawama anatupiwa aliyekuuzia shoki.

Ikiwa shoki bado ina nafasi, zamu ni ya springi. Springi za bapa zikipita hali ya kunyooka zikaanza kujikunja upande wa pili, bapa kuu ndilo linalopasuka. Kama springi nazo zimestahimili, tairi litakula madigadi, au, kwa gari lenye ekseli nzima mbele kama Land Cruiser 79, ekseli itakwenda kutafuta chombo cha oili chini ya injini.

Wengine hawaitoi, huikata nusu. Angalia wanachokata: ncha. Raba nyingi zimechongwa nyembamba nchani na nene kwenye kitako, kwa makusudi, ncha ianze kwa upole. Ukikata ncha umebakiwa na kitako kigumu, na gari linapiga kwa ukali kuliko hapo awali. Na bado utamsikia mtu akikwambia limekuwa laini.

“Nimeinua inchi mbili tu. Raba za kiwandani zinatosha.”

Huenda zinatosha, huenda hazitoshi. Jibu liko kwenye futi ya kupimia. Anayeinua gari kwa kawaida huweka shoki ndefu, na shoki ndefu ikifungwa kabisa, yaani ikibanwa hadi mwisho, aghalabu hubaki ndefu kuliko ile ya kiwandani. Tuseme ya zamani ikifungwa ilikuwa milimita 340 na mpya ni 370. Milimita 30 za kupanda zimeshaliwa, na raba ya kiwandani haina habari. Ekseli itaifunga shoki kabla haijaigusa raba sawasawa.

Kwa hiyo raba ishushwe milimita 30? Ndiyo, ikiwa shoki imesimama wima. Shoki za nyuma kwenye pikapu huwa zimeinama, na shoki iliyoinama hufunga kidogo kuliko ekseli inavyopanda. Ikiinama nyuzi 30, zile milimita 30 za shoki ni karibu 35 za ekseli. Mbele kwa gari kama Hilux, ambako shoki imeshikwa katikati ya mkono, tofauti ni kubwa zaidi, na hapo kukisia hakufai kabisa.

Njia ya kupima haihitaji mashine. Toa springi, au zipunguze bapa, weka shoki mahali pake, kisha pandisha ekseli kwa jeki polepole, gari likiwa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki. Tazama kinachogusa kwanza. Pandisha pande zote mbili pamoja, halafu upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, kwa sababu porini ekseli hulala ubavu na tairi hukaribia mahali ambapo halikaribii gari likiwa sawa. Kumbuka pia kwamba raba itabanwa. Ya povu la poliyurethani inaweza kubaki theluthi moja hivi ya urefu wake, na ile nzito isiyo na povu haibanwi kiasi hicho. Unataka raba iwe imebanwa kabisa huku shoki ingali na milimita 10 au zaidi mkononi.

Ukishamaliza, funga kamba ya plastiki ile ya kufungia nyaya kwenye fimbo ya shoki, isukume hadi chini, kisha nenda ukapite njia mbovu unayoijua. Ukirudi, mahali kamba ilipokwama patakueleza shoki ilifunga kiasi gani. Kama fimbo imefunikwa, bandika udongo wa mfinyanzi kwenye uso unaogongwa na raba uone alama.

Aliyeinua nyuma kwa kuingiza kipande cha chuma kati ya ekseli na springi azidishe uangalifu. Kipande kile kimeisogeza ekseli mbali na raba bila kuibadilisha springi, hivyo springi sasa inaweza kujikunja kupita kiasi kabla raba haijafikiwa.

“Basi nitaweka ndefu kabisa, niwe salama.”

Hapo umehama kosa moja ukaingia jingine. Raba ndefu mno hugusa mapema, na gari linakuwa linakaa juu yake badala ya springi. Njia ya mawimbi inakutikisa meno. Kwenye kona ya murramu ni hatari zaidi: gari likilala upande mmoja, raba inaguswa, ugumu wa upande huo unapanda ghafla, na tairi la nyuma linaweza kuteleza bila kukupa onyo.

“Raba ya tairi kuukuu ni imara kuliko ya dukani.”

Imara, naam. Anayetengeneza makubadhi ya akala anajua jinsi tairi linavyodumu. Lakini kudumu si kazi pekee ya raba hii. Raba nzito karibu haipungui ujazo ikibanwa, hivyo ili ishuke lazima itanuke pembeni. Vipande vya tairi vina nyuzi, na mara nyingi waya za chuma, vinavyozuia kutanuka huko. Ukivipanga tabaka na kuvikaza kwa bolti umetengeneza gogo. Povu la poliyurethani lina mapovu ya hewa ndani, nayo ndiyo yanayobanwa, kwa hiyo hushuka sana bila kufura sana. Kama ni lazima kuongeza urefu, ongeza kwa kitako cha chuma kilichofungwa kwa bolti na kushikiliwa kisiyumbe, kisha juu yake funga raba halisi.

“Ikiwa ngumu itanisaidia kubeba.”

Anayetoa chumvi Gongoni au mawe ya matumbawe huipenda hii. Zipo raba zilizotengenezwa kusaidia springi, zinazogusa mapema kwa makusudi, lakini raba ya kawaida si mojawapo. Na hata hizo maalumu haziongezi uzito ambao ekseli, breki na tairi vimeruhusiwa. Kibao cha kiwandani hakibadiliki.

“Pwani ni chumvi tu inayoua raba.”

Chumvi hula bolti na sahani ya chuma inayoishikilia, na raba huanguka ikiwa bado nzima. Povu la poliyurethani lina adui mwingine, joto pamoja na unyevu, vinavyolivunja taratibu mpaka likamomonyoka mkononi. Raba ya asili nayo huharibiwa na jua na oili. Kwa hiyo ibonyeze kwa kidole, usiitazame tu.

“Zile za gesi ndizo dawa.”

Za gesi ni silinda yenye oili na naitrojeni, zilizokusudiwa magari ya mashindano yanayoruka na kutua. Hufanya kazi vizuri sana. Lakini hutaka mabano madhubuti kwenye chesisi, sahani imara ya kugonga kwenye ekseli, na mtu wa kurekebisha shinikizo. Zijazwe naitrojeni, si upepo wa kompresa wenye unyevu. Pikapu inayopeleka maembe sokoni haizihitaji. Pesa hiyo inunue shoki nzuri na springi zisizochoka, na raba mpya za kawaida zilizowekwa kwa kipimo.