Maandishi ya ukutani: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

"Kuandika ukutani ni uhuni wa vijana wasio na kazi." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Pita Katuba au Kenya, mitaa ya mji wetu huu wa Lubumbashi, Kongo, utakuta ukuta umeandikwa kwa herufi kubwa: "Parcelle à ne pas vendre", lupango hii (kiwanja hiki) haiuzishwi. Mara nyingi aliyeandika ni mjane, au watoto wa marehemu, wanaohofia baba mdogo atauza nyumba kichinichini. Kesi ya urithi inaweza kukokotwa miaka, lakini mnunuzi akifika mlangoni anasoma na kurudi na pesa zake. Kopo la rangi na burashi kuukuu vimemlinda mtu asiye na pesa ya wakili. Makampuni ya simu nayo hupaka nyumba nzima rangi zao, na hao hakuna anayewaita wahuni.

"Ni mambo ya Wamarekani." Rangi ya kupuliza kwenye treni ilivuma New York miaka ya 1970, kweli. Ila Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano mwaka 79, kuta zake zina maandishi tele ya watu wa kawaida, hata ya kuombea wagombea kura. Na hapa kwetu, miaka hiyo hiyo ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu na wenzake walichora historia juu ya vitambaa vya magunia ya unga: mfungwa akichapwa fimbo enzi za Wabelgiji, Lumumba akiwa amefungwa kamba. Picha hizo zilitundikwa sebuleni, si barabarani, lakini zilisimulia nchi kwa macho ya raia wakati redio ilikuwa ya Mobutu.

"Mchoro wa mtaani ni wa wapinzani tu." Hapana. Mexico, miaka ya 1920, serikali yenyewe ilimlipa Diego Rivera achore kuta zake.

"Maneno ya ukutani hayabadilishi kitu." Mwaka 2011, mjini Daraa, Syria, wavulana waliandika ukutani maneno ya kumpinga rais Bashar al-Assad. Walikamatwa, wakateswa. Wazazi walipodai watoto wao, mji ukaingia barabarani, na maandamano yakaenea nchi nzima. Hasira ilikuwepo tangu zamani. Wale watoto waliiandika mahali ambapo kila mpita njia angeisoma, na askari waliokuja kuwakamata walikuwa wameisoma pia.