Don't si "donti": tunayoyakosea katika maneno ya mkato ya Kiingereza

Dhana: I'm, don't na they're ni Kiingereza cha wahuni.
Hakimu huyasema, mtangazaji wa habari huyasema. Ni kwenye maandishi rasmi tu ndipo wengi huyaepuka. Anayetamka "I do not know" kwa ukamilifu kila mara husikika kama amekasirika, kwa kuwa not iliyoachwa nzima hubeba mkazo. Nasi hatumwiti mhuni mtu anayesema "babangu" badala ya "baba yangu".

Dhana: Siri ya kuyatamka maneno haya ni kuongea haraka.
Hapana, ni mkazo. Kiingereza hukaza silabi chache na kuzimeza zilizobaki, ilhali Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Hata ukisema polepole kama mgonjwa, we're inabaki silabi moja.

Dhana: Can't hutambulika kwa t ya mwisho.
Hapa ndipo wengi tunapoumbuka. T hiyo mara nyingi haisikiki kabisa: pumzi hukatwa ghafla, basi. Sikio la mwenye lugha hutegea irabu na mkazo. Katika "I can go", can hunywea ikawa kama "kn", na uzito wote ukaenda kwenye go. Can't hainywei. Mmarekani huitamka kwa irabu kamili yenye mkazo. Watu wa kusini mwa Uingereza huivuta, "kaant". Sasa sisi, kwa bidii ya kutamka vizuri, tunaikaza can: "I CAN come". Umekubali mwaliko, mwenyeji anasikia umekataa. Ukitaka kueleweka, ifiche can, uikaze come.

Dhana: Didn't haiwezekani kwa mdomo wa Mswahili.
Inawezekana, tena tuna mtaji. N ya "nchi" ni silabi peke yake, haina irabu. N ya didn't ni hiyohiyo. Ukishafika kwenye d ya pili usiuondoe ulimi, acha sauti itokee puani, kisha ukate. Kinachotuharibia ni ile i ya kupachika: "didinti".

Dhana: Unaweza kukata popote.
"Are you ready?" hujibiwa "Yes, I am". "Yes, I'm" haipo. Ila "No, I'm not" ni sawa, maana sentensi haikuishia hapo.

Dhana: Should've ni "should of".
Sauti ndiyo hiyo, na wenye lugha wenyewe huiandika hivyo kwa makosa. Ni should have iliyopungua.

Dhana: Won't na want ni jirani tu, hakuna atakayegundua.
Atagundua. Won't ina irabu ya don't; o yake ya mwanzo imetoka kwenye wol, umbo la kale la will. Ukiteleza, "sitakwenda" yako inageuka "nataka kwenda".