Je, wajua kwa nini mtu mwenye usonji (autism) huweza kuchoka hoi kwa siku ya kawaida tu?

Wengi wetu husalimiana bila kuwaza. Kwa watu wengi wenye usonji, hasa waliogunduliwa ukubwani, kila hatua ya salamu hufanywa kwa makusudi: nimtazame machoni hadi lini? Nicheke sasa au bado? Mkono nimeubana mno?

Mchukue karani wa ofisi moja Upper Hill, Nairobi. Ametoka Rongai kwa matatu, spika iko chini ya kiti chake, taa zinawaka na kuzima. Anatamani kuziba masikio, lakini watu watamwonaje? Saa nne, kwenye chai, wenzake wanaongea wote kwa pamoja. Vidole vinataka kuchezacheza, jambo ambalo humtuliza, anavikalia. Utani anaoutoa aliupanga jana usiku kitandani. Ofisi nzima inamjua kama mtu mchangamfu. Jioni akifika nyumbani hana nguvu hata za kuinjika sufuria.

Kujificha huku, yaani kufunika dalili za usonji ili mtu aonekane kama wengine, kunapimika. Mwaka 2019, Laura Hull na wenzake nchini Uingereza walichapisha dodoso la maswali 25 kwa kazi hiyo. Tafiti zimehusisha kujificha huko na wasiwasi, sonona, hata mawazo ya kujiua. Kukiendelea kwa miaka, mwili na akili hugoma: aliyekuwa akiongea vizuri anashindwa kupokea simu, na kelele alizozivumilia jana leo zinamliza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba anayejificha vizuri hasaidiwi. Hata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili wa mwaka 2013, unakiri kuwa dalili zinaweza kufunikwa na mbinu mtu alizojifunza. Wasichana ndio hupitwa zaidi. Anayejificha anatibiwa wasiwasi na kukosa usingizi, usonji wenyewe hauguswi. Akijieleza, anajibiwa, "Wewe? Mbona uko sawa?"

Wala asilaumiwe kwa kujificha. Anayeacha huitwa mwenye madharau, na mkataba wake ukiisha hauongezwi. Mzigo huu hauwezi kuwa wake peke yake. Ofisi inayomwachia avae visikizi, anywe chai mezani pake bila kuulizwa amekosana na nani, na apewe ajenda ya mkutano siku moja kabla, humbakishia nguvu za kufanya kazi aliyoajiriwa.