Samaki chotara akiachiwa mtoni, anazaa?

Mkulima wa mahindi akinunua mbegu chotara anajua kwamba msimu ujao atarudi dukani, kwa sababu akipanda punje za mavuno yake, shamba halitafanana na la mwaka uliopita. Na aliyewahi kusikia habari za nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, anajua kwamba ni mnyama mwenye nguvu asiyepata mtoto. Kutokana na mifano hii miwili wengi tumeamini kwamba safari ya chotara inaishia kwake mwenyewe. Kwa samaki, imani hiyo imeharibu mito mizima, ndiyo maana naona inafaa kuieleza taratibu.

Samaki chotara ni yule ambaye mama yake ni wa spishi moja na baba yake wa spishi nyingine. Wapo wanaotokea bila mkono wa mtu. Katika spishi nyingi jike humwaga mayai majini na dume humwaga mbegu zake juu ya mayai hayo, hivyo mbegu za jirani zikipita na maji wakati huohuo zinaweza kuwahi. Wapo pia wanaotengenezwa: mayai yanakamuliwa kwenye beseni, mbegu za dume wa spishi nyingine zinachanganywa humo, na vifaranga wanalelewa mpaka wafikie umri wa kumwagwa ziwani. Kazi hiyo imefanyika sana Marekani na Kanada, ambako watu wengi hukata leseni ili wavue kwa ndoano kwa burudani tu. Mvuvi wa namna hiyo anataka samaki anayekua haraka na kupigana kwelikweli akiwa kwenye mshipi, na machotara wengi wana sifa hizo.

Tuanze na mwili wake. Farasi ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, 64, punda 62, na nyumbu anabaki na 63 ambazo haziwezi kupangana mbilimbili mayai au mbegu zinapotengenezwa. Lakini usiishie kwenye hesabu. Samaki aitwaye trauti wa kahawia wa Ulaya ana 80 na trauti wa vijito wa Amerika Kaskazini ana 84. Mtoto wao, trauti milia mwenye michoro kama ya chui milia, ana 82, ambayo inagawanyika kwa mbili bila shida, na bado ni tasa. Wazazi wake ni wa jenasi mbili tofauti, yaani makundi mawili ya spishi zenye ukoo wa karibu, na kromosomu za upande mmoja hazitambuani na za upande wa pili. Hata idadi ikilingana hakuna uhakika. Samaki aitwaye paiki wa kaskazini na binamu yake mkubwa maskalanji wote wana 50, lakini madume wa uzao wao ni tasa, na ni baadhi tu ya majike wanaoweza kuzaa. Chotara huyo hutokea pia kwa asili: mkubwa kuliko wote katika rekodi, mwenye zaidi ya kilo 23, alivuliwa mwaka 1919 katika ziwa Lac Vieux Desert, mpakani mwa Wisconsin na Michigan.

Kinyume chake, trauti wa ziwa na trauti wa vijito ni wa jenasi moja, kila mmoja ana kromosomu 84, na chotara wao ana mayai na mbegu zilizo hai. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba inategemea wazazi ni nani. Ukaribu wa ukoo unasaidia kukisia, ila hautoi hakikisho.

Sasa tuseme ana uwezo wa kuzaa. Je, atazaa? Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na mfano unaonipendeza zaidi ni wa besi wa mistari wa pwani ya Atlantiki, Morone saxatilis. Samaki huyu huishi baharini na hupanda mtoni kutaga. Mayai yake hayanati popote. Huelea katikati ya maji yakisukumwa na mkondo, na yanahitaji takriban saa 48 za safari hiyo kabla ya kuanguliwa. Mkondo ukiishiwa nguvu njiani, yanazama, yanafunikwa na tope na kukosa hewa. Kwa hiyo hahitaji maji tu, anahitaji urefu wa mto. Mabwawa ya Santee-Cooper yalipojengwa katika jimbo la South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, besi waliofungiwa ndani waliendelea kuzaana kwa sababu juu ya mabwawa hayo kulikuwa na mito mirefu. Kwenye mabwawa mengine mengi ya Marekani mto wa kutosha haupo, na samaki walewale wanakua, wananenepa, wanataga, bila kifaranga hata mmoja kuonekana.

Mwaka 1965, katika jimbo hilohilo, besi wa mistari alichanganywa na besi mweupe, ndugu yake mdogo wa maji yasiyo na chumvi. Chotara aliyepatikana amepita kilo 12 katika rekodi za uvuvi, na mvuvi humtambua kwa mistari yake iliyokatikakatika ubavuni. Si tasa. Maabara imempatia watoto, na wajukuu pia. Majira ya kuchipua yakifika huonekana akipanda na wenzake kuelekea mitoni kama anayekwenda kutaga. Hata hivyo, machotara wa namna hii kuendeleza kizazi chao wenyewe ziwani ni jambo adimu sana, na ndiyo maana idara za wanyamapori hulazimika kumwaga vifaranga wapya mara kwa mara. Mtu akikuambia kwamba samaki huyu hazai, muulize: mwili wake hauwezi, au mahali alipowekwa hapamruhusu? Hayo ni mambo mawili, na la pili linaweza kubadilika siku samaki huyo atakaposafirishwa kwenda mto mwingine.

Kuna swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: akizaa, anazaa na nani? Tunapofikiria uzazi wa chotara tunawaza dume chotara na jike chotara. Mtoni mambo hayaendi hivyo. Machotara huwa wachache na wazazi wa asili ni wengi, kwa hiyo mwenzi anayepatikana kwa urahisi ni samaki halisi wa spishi mojawapo. Besi chotara amegundulika akifanya hivyo na besi weupe. Na pale jambo hili lilipopata nafasi ya kutosha, matokeo yamekuwa mabaya.

Trauti wa koo jekundu ni samaki wa asili wa milima ya magharibi mwa Marekani, mwenye alama nyekundu chini ya taya kama jeraha la kisu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayoelekea Bahari ya Pasifiki, alisambazwa kwenye mito isiyokuwa yake kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Hawa wawili wanazaana, watoto wao wanazaa, na wajukuu wanazaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka kijito kimoja cha jimbo la Montana ulionyesha kwamba samaki mwenye asilimia 20 tu ya urithi wa kigeni alifanikiwa kupata watoto karibu nusu ya wale wa samaki wa asili. Ungetegemea basi machotara wapungue wenyewe. Hawapungui, kwa sababu wageni wanaendelea kuingia kutoka vijito vya jirani, na kwa sababu kila mtoto wa chotara naye ni chotara. Ukishatia maziwa kwenye chai huwezi kuyatoa. Vijito vingine leo havina trauti halisi hata mmoja, na kwa macho tu huwezi kujua. Ni vinasaba vinavyosema.

Huku kwetu tumeyaona pia. Katika miaka ya 1920 besi wa Marekani aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya wavuvi wa burudani, na tilapia wa mto Athi akapandikizwa ili awe chakula chake. Katika miaka ya 1950 aliingia tilapia wa spishi nyingine. Wawili hao wakazaana, machotara wakajaa ziwani kwa muda, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 yule wa Athi hakuonekana tena humo. Mashariki mwa Tanzania, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sato aliyeletwa kwa ufugaji anazaana na perege wa asili wa mito yetu.

Perege wa Zanzibar ana historia yake katika somo hili. Huko Malacca, katika Malaysia ya leo, mtaalamu wa samaki C. F. Hickling alichanganya madume wa asili ya Zanzibar na majike wa tilapia wa Msumbiji, na mwaka 1960 akaeleza kwamba watoto wote walikuwa madume. Wafugaji walifurahi kwa sababu bwawa la madume tupu halijai vifaranga. Siku hizi madume tupu hupatikana zaidi kwa kuwapa vifaranga chakula chenye homoni. Lakini angalia vizuri: madume wale si tasa. Hawazai kwa kuwa wamekosa majike tu. Kingo za bwawa zikibomoka mvua ikinyesha, mtoni majike wapo.

Anayetaka samaki wa kuvuliwa bila hatari hiyo hutumia mayai yaliyopashwa joto au kubanwa kwa shinikizo kubwa muda mfupi baada ya kurutubishwa, ili samaki abaki na seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Huyo hukua lakini hazai. Katika jimbo la Idaho, Marekani, wamekuwa wakipandikiza trauti wa upinde wa mvua wa namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa si kila yai hubadilika, na asilimia ndogo hubaki na uwezo wao.

Palipokwisha kuharibika, kazi ni ngumu zaidi. Besi wa Guadalupe hupatikana Texas peke yake, na tangu 1989 ndiye samaki rasmi wa jimbo hilo. Besi mwingine aliyepandikizwa huko miaka ya 1970 alianza kuzaana naye. Mwaka 1992 idara ya wanyamapori ilianza kumwaga vifaranga halisi kwa wingi katika mito ya juu ya Guadalupe, ili kila samaki wa kule anapotafuta mwenzi akutane na wa asili mara nyingi zaidi kuliko chotara. Ni kazi ya miaka mingi, mwaka baada ya mwaka, na machotara wamepungua.