Ngozi Wakati wa Tiba ya Mionzi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote miongoni mwa wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ni kwamba sehemu inayotibiwa isiguswe na maji mpaka matibabu yaishe. Majaribio ya kitabibu yamekwisha kuonyesha kuwa kuiosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali hakuongezi madhara, ilhali jasho linaloganda kwenye mikunjo, hasa kwapani, chini ya titi na kwenye kinena, huilainisha ngozi ikachubuka upesi. Kinachokatazwa ni maji ya moto, dodoki, na kufuta alama zilizochorwa na wataalamu wa mionzi. Ngozi ikaushwe kwa kuibonyezabonyeza, si kuisugua. Khanga iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa inafaa kuliko taulo jipya.

Wapo pia wanaoamini kuwa ngozi nyeusi haidhuriki. Hudhurika, ila wekundu unaotajwa katika vipeperushi vingi hauonekani kwa urahisi, na badala yake ngozi huzidi kuwa nyeusi, hukauka, huwasha na kuuma, jambo ambalo hata wahudumu huweza kulipita bila kulitambua. Isitoshe, dalili kwa kawaida hujitokeza wiki ya pili au ya tatu, na huweza kufikia kilele wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo anayeacha kuitunza ngozi siku anapomaliza tiba ameacha mapema mno.

Kuhusu mafuta, ambayo wagonjwa wengi huambiwa wasiyapake kabla ya kupigwa mionzi, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa tabaka jembamba la losheni halizidishi mionzi inayoifikia ngozi. Tabaka nene ndilo huizidisha. Shubiri, pamoja na sifa zake zote, haikuthibitika kuzuia madhara haya katika majaribio, lakini krimu ya mometasoni (dawa ya steroidi ya kupaka, inayotuliza uvimbe na mwasho wa ngozi), ikiandikwa na daktari, imethibitika kuyapunguza. Samli na dawa ya meno hazina nafasi hapa.

Ngozi ikianza kutoa majimaji au usaha, au homa ikipanda, mgonjwa amweleze muuguzi siku hiyohiyo. Asijikatishie tiba nyumbani ili ngozi ipone kwanza, kwa kuwa katika saratani kama ya mlango wa kizazi, siku zinazorukwa huzipa seli za saratani nafasi ya kuongezeka tena.